Mkato wa Mwisho

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata kwenye simu, marahaba. Mama yako yuko Kilangali anavuna mpunga, na shangazi yako ndiye anayenipikia uji hapa Mikumi. Mimi kifua bado. Hadithi zangu naziandikia kitandani, nimeegemea mito, na aya moja hunichukua asubuhi nzima.

Umeniuliza kwa nini siku hizi meseji zangu zinaishia na mkato, kama mtu aliyekatishwa.

Nilipokuwa msichana wa shule kule Munisagara, bibi yangu aliugua kifua hivi hivi. Hakujua kusoma, basi nikamsomea barua ya mjomba. Mwalimu alikuwa ametufundisha: kwenye mkato vuta pumzi, kwenye nukta simama. Nikasimama. Bibi akanishika mkono.

"Imeisha?"

"Bado, Bibi."

Kila nukta alishtuka vile vile, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mwishowe nikazisoma nukta zote kama mikato, mpaka akasinzia. Barua ilikuwa imeisha, lakini sikumwambia.

Nilidhani anaulizia barua. Sasa kila pumzi ikinikwama nalisikia swali lile, na naogopa, Neema, sikufichi. Kwenye vitabu nukta ataniwekea mhariri, ni kazi yake. Wewe nakuwekea mkato, ukiuona ujue bibi yako bado anavuta pumzi,