Kinu Kiko Kwangu, Mchi Uko kwa Waridi

Baraka, tarehe 9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Dorothée,

Nakusalimu sana, tena sana, kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Habari za Lubumbashi? Shemeji Albert mgongo wake umepoa, au bado anatembea kama mtu aliyeangusha sindano? Vanessa na Junior wanasoma? Waambie mama yao mkubwa anawauliza kila siku, hata kama wao hawaniulizi.

Huku mvua imeshika. Ziwa limechafuka, ndagala ni za kutafuta, na barabara ya kupanda Fizi imekuwa matope matupu. Mimi ni mzima. Malaria ilinipitia mwezi uliopita lakini imeondoka, nitakueleza mbele.

Barua yako niliipata na nimeielewa. Unasema niuze nyumba nije kwako, chumba kipo na kitanda umeshatandika, mwanamke mwenye umri wangu haifai alale peke yake kama mlinzi wa ghala. Nitakujibu. Ila kwanza nikupe habari za Anatole, maana ukiwa na mtoto kama huyu huwezi kuanza na habari nyingine.

Anatole wetu anakuwa Dokta! Si wa sindano. Ni Dokta wa jiografia, kule kule Ubelgiji. Yeye kila siku ananiambia, "Mama, bado, usiniite hivyo." Mimi namwambia mimba ya miezi minane nayo ni mtoto. Shefu wa kartie, huu mtaa wetu, hana mtoto wa namna hiyo. Pasta hana. Wale wenye maboti makubwa pale bandarini, nao hawana. Mimi mke wa seremala ninaye.

Kazi yake ngoja nikueleze jinsi nilivyoielewa. Anaangalia udongo wa mji unafanya nini: wapi watu wamejenga, wapi wanalima, wapi pametupwa tu. Halafu anaangalia mtu akitoka kwenye mlango wake, kufika sokoni, hospitali, shule au bandarini ni rahisi au ni mateso. Anasema nyumba inaweza kuwa katikati ya mji na bado ikawa mbali na kila kitu, kama haina njia. Anachora ramani kwa rangi. Nyumba yenye kufika kwa urahisi inakuwa rangi ya majani mabichi. Yenye kuteseka inakuwa nyekundu.

Kiangazi cha mwaka jana alikuja kufanya kazi hiyo hapa Baraka. Dorothée, ungeniona! Yeye mbele na kamashine kake mkononi, mimi nyuma na kitenge changu cha Pasaka, tunapita njia zote. Ile njia ya nyuma ya nyumba yangu unaikumbuka, inayokata katika viwanja, inapita kwangu, inapita kwa Waridi, inatokea sokoni? Anatole alisema ndiyo mshipa wa kartie nzima. Nyumba yangu ilikuwa ya majani mabichi kabisa. Nilimwuliza kama kuna rangi ya kupita hiyo, akasema hakuna.

Sasa mama mwenye mtoto kama huyo anaweza kunyamaza? Nikasema kanisani. Nikasema kwa wauza ndagala. Nikasema kwenye bomba la maji: "Mwanangu ndiye anapima mji huu, na ataonyesha Leta, wakubwa wa serikali, kila njia na kila udongo ni wa nani." Hilo la Leta yeye hakulisema, nililiongeza kidogo, lakini si neno baya.

Weye unatujua watu wa hapa. Kwetu udongo usio na muti hauna mwenyewe. Ukitaka uonekane ni wako, panda kitu kisichong'oka. Batu wakasikia "Leta" na "kupima", wakajijibu wenyewe: Leta inaleta barabara, na mwenye kufunga kiwanja chake ndiye atalipwa. Ndege ya Anatole haijafika hata Ulaya, kartie nzima iko inachomeka vijiti vya minyaa kufanya ua. Mama Husna alipanda hadi mbele ya choo chake. Na njia ile, kwa kuwa ni ya wote, kila mmoja akaona kipande chake ndicho cha kufunga.

Waridi naye akapanda. Unamkumbuka Waridi, yule jirani yangu Muislamu tuliyekimbia naye vita tukiwa wasichana, tukarudi naye. Nilipoona minyaa yake ikikata njia upande ule, ningefanya nini? Nionekane mjinga peke yangu? Nikaweka matete upande wangu, nikayafunga sawasawa.

Barabara haikuja. Hakuna aliyelipwa. Minyaa imekua.

Wengine wanasema ni mdomo wa Mama Anatole. Waseme. Kila mmoja alichimba kwa mkono wake.

Lakini nikuambie ukweli, mdogo wangu, maana hili sijamwambia mtu. Zamani sikujua kama mimi naishi peke yangu. Baba Anatole alikufa, binti yetu Constance akaolewa kule Lulimba, Anatole akapanda ndege, na bado kuanzia asubuhi ilikuwa hodi, hodi, hodi. Mwenye kwenda sokoni anapita, anaacha salamu. Anayerudi anapita, anaacha nyanya mbili. Nilikuwa nalalamika wananikanyagia mboga zangu za lengalenga. Sasa wote wanazungukia barabara kubwa. Lengalenga zangu zimekuwa nzuri ajabu, na hakuna wa kuziona. Nikiwasha redio naongeza sauti, ili mtu akipita mbali adhani nina wageni.

Malaria iliponishika, nililala siku nzima na iliyofuata bila kuwasha moto. Zamani moshi wangu ukichelewa tu, Waridi alikuwa anaita kutoka kwake, "Mama Anatole, umekufa ama uko unavimba?" Safari hii hakuna aliyeita. Nilijiburuza mwenyewe hadi kwenye maji. Nililia, si kwa homa.

Na kuna jambo la kinu. Kile kikubwa cha wanawake wawili alichonga Baba Anatole, ndiyo maana kiko kwangu. Mchi wake alichonga Ayubu, mume wa Waridi, fundi wa mitumbwi, ndiyo maana uko kwao. Miaka yote tunatwanga sombe, majani yetu ya muhogo, pamoja kwa zamu, yeye anakuja na mchi wake begani kama askari. Tangu njia ifungwe, hakuleta mchi, nami sikupeleka kinu. Sijala sombe ya maana tangu hapo. Ile ya sokoni ya mashine ni uji, si sombe.

Anatole alituma watu wapitie tena zile njia. Akanipigia telefone. "Mama, njia imeenda wapi? Kwenye ramani nyumba yako imekuwa nyekundu. Iko mbali kushinda ya batu ya kule mulimani." Nikamwambia aandike tu pale juu yake "nyumba ya mama wa Dokta", watajua. Akacheka kidogo. Akaniuliza, "Sasa nani anapita kwako?" Nikasema, "Bote banapita." Nilimdanganya mutoto wangu, Mungu anisamehe.

Baada ya telefone hiyo ndipo nilishika barua yako, nikaisoma tena pale penye kitanda. Kweli nilikuwa nataka kukujibu: nakuja.

Nimeacha kuandika hapo. Leo ni tarehe 13, naendelea. Vumilia mwandiko, mikono inauma, utaona sababu.

Jumatatu nilichuma sombe nzuri, changa, nikaiweka kwenye beseni. Halafu nikasimama mbele ya kinu kama mjinga. Nikajiambia, Espérance, ukiondoka Baraka, hiki kinu utamwachia nani? Mwenye nusu yake yuko nyuma ya minyaa. Basi nimpelekee chake chote, asije akasema nilikimbia nacho.

Kukibeba siwezi. Nikakilaza, nikakisukuma. Kwa kuwa njia imefungwa, nilitoka nacho barabara kubwa, mbele ya watu wote, mimi mama wa Dokta nimeinama kama mbuzi. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wakasimama kuniangalia. Mmoja akaita, "Mama wa Dokta! Hiyo gari imetoka Ubelgiji?"

Nikamwambia, "Ndiyo, na hainywi esansi!"

"Iko na breki?"

"Breki ni kichwa chako, ukikaa mbele yake!"

Walicheka hadi nikacheka, na wawili wakashuka wakanisaidia pale penye mtaro. Muda mrefu sijacheka na mtu, Dorothée. Hata na vijana wasio na adabu ni utamu.

Kufika kwa Waridi, nimeloa jasho. Yeye amekaa mlangoni anachagua mchele. Aliniangalia, akaangalia kinu, akaniangalia tena.

"Umezungusha hicho kitu mji mzima?"

"Ningepita wapi? Si umefunga."

"Na weye matete yako? Iko ya kuotesha maua?"

Nikajifuta jasho. Akaingia ndani, nikadhani amekasirika. Akatoka na mchi. Umekauka, umepata utando wa buibui. Akaupangusa kwa kitenge, akausimamisha ndani ya kinu, akanyoosha mikono.

"Sombe iko wapi?"

Dorothée, sombe nilikuwa nimeiacha nyumbani! Nimesukuma kinu, nimekumbuka kinu, beseni liko kwangu mezani.

Waridi aliangalia jua. Aliangalia barabara kubwa na lile zunguko lake. Akasema, "Mi siwezi kuzunguka muji sababu ya majani." Akaenda kuchukua panga.

Tulijifunga vitambaa usoni, maana maziwa ya minyaa yakiingia jichoni unaweza kupofuka. Alikata yeye, nilivuta mimi. Alipofika kwenye matete yangu alisimama, akanipa panga. Nikakata mwenyewe, na nilikuwa nimeyafunga vizuri kweli, Baba Anatole angenisifu. Tukapita. Waridi akaona lengalenga zangu, akasema, "Eh, na zote hizi unakula peke yako?" Nikajifanya nina vumbi machoni.

Tulitwanga hadi mikono ikakataa. Tukapika na mawese na ndagala, tukala na bugali pale kwake, Ayubu anatutazama kama tumelewa.

Sitakudanganya, ni tundu moja tu. Kwa Mama Husna bado kumefungwa, na wa kule mbele hawataki kusikia. Jioni nikirudi nyumba bado ni kubwa, bado ni kimya, na Anatole bado ni sauti ya kwenye telefone. Nilimpigia kumwambia. Akasema ramani haibadiliki rangi kwa tundu moja. Nikamwuliza, hata rangi ya chungwa? Akasema ataangalia. Mtoto mwenye heshima sana.

Kitanda ulichonitandikia, mpe Vanessa, anakua. Nitakuja kuwatembelea kiangazi nikale ugali wenu mweupe wa mahindi, halafu nirudi. Usikasirike. Kinu kimebaki kwa Waridi, sikuwa na nguvu ya kukisukuma tena. Lakini mchi wake nimeubeba mimi, niko nao hapa kando ya meza ninapoandika. Atauhitaji kabla ya Jumapili.

Msalimie Shemeji Albert, apakwe mawese ya moto mgongoni. Msalimie Vanessa, msalimie Junior, na mama yake Albert kama bado anakumbuka jina langu. Huku Constance anawasalimu kutoka Lulimba. Waridi naye anakusalimu, anasema unene wako wa kwenye picha ni wa baraka. Bwana awafunike kwa mkono wake, awape mlango ambao watu wanaufikia.

Barua hii anaileta Saleh, mtoto wa Waridi, anayesafiri na bidhaa kupitia Kalemie. Mpe chakula akifika. Amekuja kuichukua sasa hivi, na amepita nyuma.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata unapomtandikia kitanda asichokilalia,

Espérance, mama wa Dokta Anatole