Wati Tano Zinatosha

4 Februari

Kitinda wangu,

U hali gani huko kwenye baridi? Vile viatu ulivyosema vinavuja umeshavibadilisha? Mimi mzima, ila macho. La kushoto limekwisha kabisa, la kulia naona kama kupitia kioo cha dirisha la bafuni. Daktari anasema ni presha ya macho, lililopotea halirudi, tunapigania lililobaki. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Usinicheke.

Kaka yako amekuja na mpango. Anataka nihamie kwake, chumba cha nyuma karibu na jiko, mkewe awe ananiangalia. Kaninunulia na televisheni kubwa kama mlango. Televisheni, mtu asiyeona! Nimemshukuru, nimeifunika kitambaa.

Mimi sihami. Hapa najua kila kitu kilipo, kizingiti, swichi, birika. Nimepungukiwa kimoja tu. Macho yakienda nabaki na masikio, na masikio yangu unayajua. Nilikaa kwenye mitambo ya simu nikiunganisha laini za watu tangu ujana hadi kustaafu, nikawa namtambua mtu kabla hajataja jina lake. Santuri zangu zipo, mashine ya kuzichezea inazunguka vizuri, na zile spika mbili za mbao nilizonunua ukumbi wa dansi ulipofungwa ni nzima. Kilichokufa ni amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti. Ilitoa moshi, ikanuka nywele zilizoungua, ikanyamaza.

Nataka ya valvu, hizo zenye taa za vioo zinazowaka. Iwe ndogo, ikae kwenye rafu ya chini ya dirisha: upana shibiri mbili, kina shibiri moja na nusu. Iwe na vitufe vya kuzungusha kwa vidole, si kioo cha kugusagusa. Huku hazipatikani. Huko kwenu naambiwa zinauzwa hata za mitumba. Nitafutie, pensheni yangu itatosha.

Na usinipigie simu kwa jambo hili. Nimesikiliza simu za watu vya kutosha. Nataka barua, kitu ambacho mtu hukifikiria kabla ya kukituma.

Mama yako

---

19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini jicho halikuumi. Mimi sijambo, viatu nimebadilisha, kazi ni ile ile ya kuosha na kuchemsha vyombo vya upasuaji hospitalini. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni.

Mama, usinikasirikie. Kaka alinipigia. Ameniambia jambo ambalo hukuliandika, kwamba ulianguka kwenye ngazi za uani na jirani ndiye aliyekuinua. Nadhani safari hii kaka ana hoja.

Na hizo valvu, Mama, zinachoma kama pasi. Mtu asiyeona vizuri na kitu cha moto kwenye rafu? Nimeona spika ya kisasa, ndogo kama kopo la maziwa. Unaiambia kwa mdomo, inacheza. Haina moto, haina waya za kujikwaa. Nikutumie hiyo, uende nayo kwa kaka, sote tulale usingizi. Nakuomba ufikirie.

Mwanao

---

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma kwa lenzi, herufi moja moja, na nilipofika mwisho nikajuta kwa nini sikuishia kwenye salamu.

Nilianguka, ni kweli. Jirani yangu, fundi cherehani, alinishika mkono, nikajipangusa, tukanywa chai. Kesho yake nikamwita fundi wa vyuma akaniwekea reli pembeni ya ngazi. Hilo kaka yako hakukwambia kwa sababu hajawahi kufika uani kuliona.

Spika ya kuongeleshwa sitaki. Kila mtambo niliozungumza nao maishani ulikuwa na mtu upande wa pili. Tena haitacheza santuri zangu.

Sikukuomba ruhusa, mwanangu. Nilikuomba amplifaya. Kama hutaki kuitafuta, sema hutaki, nimwandikie mtu mwingine. Sitakununia. Ila usinizungushe.

Ukienda dukani, usisikilize ngoma. Kila mashine inajua kupiga ngoma. Msikilize mwimbaji anapovuta pumzi. Ukimsikia yuko pale chumbani, ndiyo hiyo. Ukimsikia yuko ndani ya boksi, aga uondoke.

Mama yako

---

25 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Daktari amesema nini tena? Mimi nina afya njema, na nina kidole kilichoungua. Nitaeleza.

Nimepata duka la fundi, nyuma ya kituo cha mabasi. Fundi mwenyewe ni mama wa makamo, mkali, anakusikiliza huku akichomelea waya, unadhani hajakusikia, kumbe kakusikia kuliko ulivyotaka.

Ya kwanza niliipenda kwa macho. Inang'aa, ina mishale miwili inayocheza kwenye vioo, ina wati nyingi. Fundi akasema, "Hii utaihangaikia. Kila baada ya muda lazima uipime na uirekebishe kwa bisibisi ikiwa inawaka. Mama yako ataweza?" Nikaiacha.

Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, bei ya kuvutia. Akacheka. "Valvu za hii ni urembo. Kazi inafanywa na vitu vingine huko chini. Unanunua taa ya sebuleni."

Ya tatu ni ya mitumba, ya kijivu, haina sura. Valvu nne, mbili ndogo mbele na mbili ndefu nyuma. Inajirekebisha yenyewe. Vitufe viwili. Nimeipima kwa shibiri zangu, itaingia kwenye rafu. Lakini ni wati tano tu, Mama! Redio ya kaka ya kwenye gari ina zaidi. Nikamwambia fundi ni ndogo mno. Akaniuliza, "Spika zake zikoje?" Nikamweleza: za ukumbi, mdomo mpana kama sinia. Akasema spika za aina hiyo zilitengenezwa enzi ambazo nguvu ilikuwa haba, ukizinong'oneza zinapaza. Wati tano zitajaza chumba mpaka jirani agonge ukuta.

Akaweka santuri ya mwanamke anayeimba peke yake na gitaa. Nikafumba macho kama ulivyoagiza. Alipovuta pumzi niligeuka nyuma, Mama. Nilidhani kuna mteja ameingia.

Kwa furaha nikaigusa valvu kusema "hii hii," na ndipo nikaungua. Kwa hiyo naandika nikiwa nusu nimekubali na nusu naogopa. Nikuambie ukweli: naogopa zaidi.

Mwanao

---

9 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Pole ya kidole, kipake asali. Mimi naendelea, ingawa kalamu nene nayo imeanza kunipotea kwenye karatasi.

Chukua ya kijivu. Mwambie fundi aifunike kwa wavu wa chuma ulio imara, wenye nafasi ya hewa, ambao kidole hakipenyi. Umeme wa huku na wa huko si sawa, aibadilishie kwenye transfoma kabla haijafungwa. Nataka na valvu za akiba, kila aina mbili. Na umuulize namna ya kuzibadilisha, nami unieleze kwa maneno, si kwa michoro.

Hofu yako nimeisoma, sikuidharau. Kaka yako anayo pia. Wiki iliyopita alikuja na pikapu na wapagazi kuchukua vitu vyangu. Nikakaa kwenye kiti walichotaka kubeba kwanza. Wapagazi wakaangaliana. Mmoja akamwambia kaka yako, "Mzee, sisi mama wa watu hatumbebi na kiti." Wakatoka nje. Kaka yako akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Mama, siku nikikukuta chini hapa, umelala hivyo tangu jana, nitajiambia nini?" Nilimshika kichwa tu, mwanangu, kama alipokuwa mdogo.

Tumekubaliana. Mwisho wa mwezi napasuliwa jicho la kulia, kupunguza presha. Nitakaa kwake mpaka niruhusiwe, kisha narudi kwangu. Nimempa neno langu naye kanipa lake.

Mama yako

---

3 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole sana. Umeamkaje baada ya upasuaji? Kaka aliandika kwa kifupi kwamba umefungwa bandeji na unapumzika. Usikohoe kwa nguvu, usiiname.

Amplifaya nimeinunua. Wavu umewekwa, nimeupitishia vidole vyote kumi, haviingii. Umeme umebadilishwa. Kisha fundi akanifunga macho kwa kitambaa chake cha kufutia mikono, akasema, "Sasa badilisha wewe, ndipo utajua kumweleza." Nilibabaika mpaka akachoka kucheka, lakini nimejifunza. Sikiliza.

Zima, chomoa kwenye soketi, subiri ipoe mpaka ukiishika isikupe joto lolote. Wavu unaondoka kwa skrubu mbili za kuzungusha kwa vidole. Shika valvu ndogo chini, itikise kidogo kidogo huku unaivuta juu. Chini ina vijipini vilivyopangwa duara, ila mahali pamoja pana pengo. Tafuta pengo kwa ncha ya kidole, tafuta pengo lingine kwenye tundu lake, yakutanishe, kandamiza polepole. Ikikataa, usiilazimishe. Chini ya boksi usifungue kamwe, umeme hubaki humo hata ukichomoa. Na usiiwashe kabla spika hazijaungwa.

Mwenzangu wa kazini anarudi nyumbani likizo, atakuletea. Nilipofunguliwa kile kitambaa, Mama, hofu ilikuwa imepungua.

Mwanao

---

12 Juni

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Sijapata barua yako. Mwenzangu amekuta nyumba imefungwa, boksi amemwachia fundi cherehani. Kila nikimpigia kaka, umelala, au unaoga, au unakula. Jana akasema, "Mama amekubali kukaa huku. Nyumba yake nitaipangisha."

Je, ni kweli? Ukisema ni kweli, nitanyamaza na nitaheshimu. Lakini sema wewe. Kaka nimemwambia nasimama na neno lako, lolote litakalokuwa, si na la kwake. Amekata simu.

Kama kuna mtu karibu wa kukuandikia, hata mstari mmoja.

Mwanao

---

5 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, nikulipe zote za nyuma. Anayeandika ni jirani, fundi cherehani. Maneno ni yangu, makosa ni yake. (Amesema niandike hivyo. Mimi sina makosa.)

Sijakubali kukaa. Nilifungwa jicho, na kwa kaka yako hapakuwa na wa kuniandikia wala kunisomea. Mkwe wangu hana ubaya, alinihudumia vizuri mno, hata kijiko cha chai alinikorogea. Baada ya miezi miwili ya kukorogewa chai nikagundua sijui sukari iko wapi. Hapo nikaogopa kweli.

Bandeji ikatolewa, daktari akasema jicho limeokolewa, naona njia na sura ya mtu akiwa karibu. Nikamwambia kaka yako, "Sasa nirudishe." Akasema, "Tutaona." Nikamwambia, "Wewe utaona, mimi naenda." Asubuhi yake alipotoka kwenda kazini, nilimuaga mkwe wangu, akaniitia teksi yeye mwenyewe, akalia kidogo, akanifungia na andazi la njiani.

Nyumba ilikuwa bado haijapata mpangaji. Jirani alinisomea barua zako, kisha boksi lako tukalifungua. Nilianza na waya za spika, kama ulivyosema. Jirani akaniambia taa zimewaka rangi ya machungwa. Nikaweka santuri.

(Hapa mama yako ameinuka kuicheza tena ile santuri. Nimeshona pindo zima la gauni nikisubiri.)

Mwanangu, wati tano zinatosha.

Mama yako

---

28 Agosti

Kitinda wangu,

U mzima? Barua zako mbili nimezipata, asante kwa kuandika kwa herufi kubwa. Hii naandika mwenyewe, mistari ikipanda na kushuka uivumilie.

Tangu nirudi, kaka yako alikuwa akija kila Jumapili. Anakagua jiko, anakagua reli, anaushika ule wavu, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Kitanda changu, alichokihamisha nilipokwenda kupasuliwa, bado kilikuwa kwake. Nilikuwa nalala kwenye godoro chini, naye kila wiki ana sababu: gari bovu, mvua, wapagazi hawapo. Nilimwelewa. Alikuwa ananiwekea mahali pa kurudi.

Jumapili iliyopita tumekaa hivyo, spika ya kushoto ikaanza kulia kama inakaanga mafuta, kisha ikakatika. Kaka yako akasimama. "Nilisema mimi! Mama, zima hicho kitu kabla hakijaunguza nyumba!"

Nikazima, nikachomoa. Nikamwambia, "Kaa. Lazima ipoe kwanza. Kunywa chai." Tukazungumza habari za kazi yake, jambo ambalo hatukuwa tumefanya siku nyingi. Ilipopoa, nikaondoa wavu. Akataka kunisaidia, nikamwambia aweke mikono mifukoni. Nikazihamisha valvu mbili ndogo, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kwenye simu tulifanya hivyo hivyo, unahamisha laini ujue ubovu uko wapi. Nikawasha. Spika ya kulia ndiyo sasa iliyokaanga. Basi mgonjwa nimemjua. Nikazima tena, tukanywa chai ya pili, nikaing'oa, nikatafuta pengo kwa kidole kwenye ile ya akiba, nikaipachika. Ilikataa mara moja. Sikuilazimisha. Mara ya pili ikaingia.

Muziki uliporudi pande zote mbili nilisikia kiti kikilia: ameegemea. Alikaa mpaka upande wa santuri ukaisha, akanyanyuka akageuza mwenyewe.

Alipofika mlangoni akasimama, nikajua anatafuta maneno, maana kaka yako hupumua kwa pua akitafuta maneno. Akasema, "Mama, kitanda nitakileta kesho asubuhi."

Nikamwambia aje na spana ya kukifungia.

Mama yako