Kuku Yako Imeshapanda Ndege

Butembo, Rughenda
18/8/2025

Mudogo wangu mupendwa Godelive,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Afya iko namna gani huko Kisangani? Joto haijakumaliza? Siye tuko wazima. Magoti inamuuma Mama kidogo, mais sauti yake ingali inatosha avenue yote. Mimi nimenenepa, niko na sura ya député wa bunge.

Donc, jambo ya Kanyere. Unajua vile mutoto wako alikataa ndege ya kumuleta kwako: afazali akufuate kwa miguu katika pori ya Ituri. Mimi, mutu wa kutembea, niliyefika mupaka Kampala (kwa basi, ni kweli), nikasema dawa ya ule woga iko hapa karibu. Muzee Vagheni alinunua ndege yenye ilikufa zamani, akaiweka kwa parcelle yake, kwenye kiwanja ya nyumba, akaipaka rangi, akaandika "Musée", nyumba ya kuonyesha vitu ya zamani. Siku ya Mungu, kisha misa, nikapeleka batoto bote.

Mama alisikia tu "kupanda ndege". Kwake hakuna mutu anapanda ndege mikono mitupu. Akamupa Kanyere kitunga: maharagi, viazi ya Lubero, na kuku muzima, "ya mama yako". Nikaeleza kama ile ndege haina hata moteur. Hapana. Tukaenda na kuku.

Batoto bangu baliingia mbio. Kanyere alibaki chini ya ngazi, analia. Mimi nikaikaa kwa kiti ya pilote, nikajifunga mukaba, nionyeshe vile bakubwa banasafiri. Mara kuku ikatoka kwa kitunga, ikapanda ngazi, ikapotea chini ya viti. Nikataka kuifuata: mukaba ikakataa kufunguka. Nikabaki pale kama mbuzi kwa kamba, mutoto wangu Jephté anacheka mupaka anaanguka chini.

Nikaita, "Kanyere, kuku ya mama yako inapotea."

Godelive, mutoto aliruka ile ngazi! Akaikamata kule nyuma kabisa, akaikaa kwa kiti, akaipakata, akaangalia dirisha. Kisha akaniuliza:

"Mujomba, ile ya kweli itanifikisha kwa mama?"

"Itakufikisha."

"Basi unifunge mukaba."

Nikamwambia anifungue mimi kwanza. Alitumia kidole moja.

Ijumaa atapandia kwa uwanja wa ndege wa Mavivi pamoja na mama Zawadi, ule muuzaji wa bitenge. Uende kumupokea mapema. Kuku sijui kama batu ba ndege bataikubali, mais Kanyere ameshasema inasafiri, na siku hizi yeye ndiye pilote wa hii nyumba.

Unisalimie shemeji Salomon. Mama yetu Kahongya anakubariki. Mungu ashike ile ndege chini ya mabawa, aishushe polepole mbele yako.

Kaka yako mwenye kukupenda sana,
Maliro