Bomba la Moshi la Mzee Valerian

Scola, hutaamini ya leo. Si unamjua mzee Valerian, anayejiita kichwa cha kwanza cha Segese? Leo kwenye mahafali kapewa kipaza sauti atuhubirie vipaji. Eti mwaka 1954 Mzungu mkaguzi wa shule aliona yeye peke yake ndiye mwenye akili. Mfyuu!

Na bibi yangu Mageni kakaa mstari wa mbele. Yeye na Valerian walikuwa darasa moja mwaka huo, la nne!

Sikia sasa. Mkaguzi alikuja na mchoro wa nyumba, wanafunzi wataje kimepungua nini. Nafasi ya shule ya kati moja tu. Mageni, binti wa mfugaji, aliyewajua ng'ombe mia wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi, akautazama mchoro, akasema, "Haina zizi."

Mzungu akacheka, akamwandika mjinga. MJINGA! Kesho yake Mageni akarudishwa machungani.

Valerian akajibu, "Bomba la moshi." Hajawahi kuliona maishani mwake, ni kitu cha nyumba za Wazungu! Mwalimu alikuwa baba yake Valerian, na Mageni aliwasikia asubuhi ile wakikaririshana jibu nyuma ya darasa, asijue ni la nini.

Basi leo mzee kamaliza kutamba, Bibi akainuka na mkongojo wake.

"Valerian, umejenga nyumba tatu hapa Segese. Zote nimezipita. Bomba la moshi liko wapi?"

Mzee akakiweka kipaza sauti mezani.

"Mazizi nimeyaona," Bibi akasema. "Yote matatu."