Ubao wa Saidi

Jumanne, 2 Julai 1996

Ngomeni tena, kutembeza watalii. Nimewazungusha Wajerumani wawili na bibi mmoja wa Kitaliano. Kijerumani changu safi, Kitaliano changu safi zaidi, na shule nilitorokea dirishani, darasa la saba. Bibi amecheka mpaka akashika ukuta. Mimi nacheka kwa mdomo tu. Tangu Machi nacheka kwa mdomo tu.

Jioni barazani, hapa mtaani kwetu Kuze, nikatangaza: Jumapili ya wiki ijayo naenda Malindi kupanda mawimbi na ubao wa Saidi. Athmani, rafiki yangu mwenye pikapu, akauliza kama nimewahi kusimama juu ya ubao huo. Nikamwambia Durban wananiita Papa. Durban sijafika. Nimefika Tanga mara moja, nikatapika njia nzima.

Ijumaa, 5 Julai

Hapa hakuna wa kumchekesha. Niandike yalivyo.

Saidi ni kaka yangu. Baharia. Ubao aliutoa Durban, mrefu kunishinda, akaubeba begani toka bandarini huku watu wanamuuliza ni mlango wa wapi. Akaniahidi kusi hii tutakwenda Malindi sote. Machi meli yake ikarudi bila yeye. Alianguka baharini, hakuonekana tena. Tukamswalia swala ya ghaibu. Jeneza halikuwapo. Kaburi halikuwapo. Watu walikuja, walikula, walinipa mkono, wakaenda zao.

Sikulia. Mpaka leo. Niko kama jino lililotiwa ganzi.

Na kusimama juu ya ubao nimesimama mara tatu, zote pwani ya Nyali, upande wa ndani wa mwamba, maji ya magoti. Ya tatu nilimwangukia Mzungu aliyekuwa akiota jua. Ndio upapa wangu huo.

Jumatatu, 8 Julai

Mipango. Huku kwetu mwamba unayavunja mawimbi mbali huko nje. Malindi pana mwanya, yanaingia mpaka ufukweni, na kusi sasa inavuma. Binamu yake Athmani anakaa huko. Asema twende asubuhi, maji yakianza kujaa. Chini ni mchanga mtupu.

Nikauliza, mawe hakuna? Mkondo je? Na papa?

"Si ndiwe Papa?" akasema Athmani. Baraza zima likaangua kicheko. Mimi pia, kwa mdomo.

Kamba ya kufunga mguuni ilikuwa imekatika. Nimeiunga kwa nailoni nikaijaribu kwa mbuzi wa jirani. Mbuzi kashindwa. Ubao nimeusugua mshumaa usiteleze. Sharti langu sijamwambia mtu: maji yakifika kifuani, narudi.

Alhamisi, 11 Julai

Nafanya mazoezi juu ya mkeka wa mama. Kulala kifudifudi, kuruka, kusimama. Kulala, kuruka, kusimama. Mama kaingia na mbuzi ya kukunia nazi mkononi.

"Abudi, una mashetani?"

Nikamweleza. Nikapiga magoti nikamuomba radhi. Mtu hasafiri bila radhi ya mamake, hata awe mjanja vipi. Mama akakaa juu ya mbuzi akaanza kukuna. Akakuna nazi ya kwanza, akakuna ya pili. Radhi hakunipa.

Simlaumu. Saidi naye alipiga magoti papo hapo. Alipewa.

Bila radhi siendi. Na nisipokwenda, ubao utalala uvunguni, nami nitalala juu yake na ganzi yangu mpaka nizeeke. Maji nayaogopa. Ganzi naiogopa zaidi.

Jumamosi, 13 Julai

Athmani kaja kuuliza kama safari ipo. Nikasema Papa havunji ahadi.

Baada ya alasiri mama kafungua sanduku lake. Katoa shuka jeupe, jipya, lanuka udi. "Uufunge, usikwaruzike." Kisha kaniwekea mkono kichwani, mzito, mkavu. "Shuka langu lirudi."

Ndiyo radhi yangu hiyo.

Jumapili, 14 Julai. Malindi

Lililotokea asubuhi sijui niliandike vipi.

Pikapu haiingii vichochoroni kwetu, Athmani aliiacha barabarani, Makadara. Tukaubeba ubao mabegani, yeye mbele, mimi nyuma. Umefungwa lile shuka jeupe, kamba kichwani, katikati na miguuni. Hatukufikiri. Kulikuwa bado kuna kiza. Tukapita msikitini watu wanatoka kuswali.

Mtu wa kwanza akaja mbio akatia bega. Akaja wa pili. Ndivyo tufanyavyo, jeneza likipita huulizi ni la nani, unabeba. Mtu akaanza Lailaha illallah, wote wakaitika. Athmani aligeuka kunitazama, macho kama vikombe. Nami, mwenye maneno ya kuuza, sikufumbua mdomo. Nilibeba tu.

Makadara wakaiona pikapu inangoja, wakasimama. Maalim Twalibu, aliyetusomesha Kurani chuoni mimi na Saidi, akauliza taratibu, "Ni nani, Abudi?"

"Ni ubao, maalim. Wa Saidi."

"Ubao!" akafoka mmoja. "Watubebesha ubao, mwanaharamu we!"

Maalim akamnyamazisha kwa mkono. Akautazama ule weupe. "Saidi hatukumbeba," akasema. "Bebeni."

Yule aliyenitukana ndiye aliyerudisha bega kwanza. Wakaulaza garini polepole, kama aliyelala hapo anasikia.

Njia nzima bega liliniuma. Nikalishika mpaka Malindi. Ndicho kitu cha kwanza kuniuma tangu Machi.

Jumanne, 16 Julai

Jana upepo mkali, sikuingia. Nilikaa mchangani, sikuona haya.

Leo asubuhi niliingia. Maji kiunoni. Wimbi dogo, hata mtoto angelicheka. Sikusimama. Nililala kifudifudi nikakamata ubao kwa mikono miwili, likanisukuma mpaka mchangani, likaniacha hapo. Nikalia kidogo. Kisha nikarudi kiunoni, mara moja tena.

Barazani nitasema mawimbi yalikuwa kama ghorofa. Mama nitamwambia kweli.

Shuka nililifua jana, nikalianika ua wa binamu. Limekauka. Nimelikunja. Kesho narudi nalo.