Meza ya Baba, Pande Zote

4 Februari 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini wewe na mama hamjambo. Nimeweka humu picha ndogo niliyochora: meza yako ya jikoni, birika, bakuli na kisu. Usishtuke! Mtindo huu unaitwa kubizimu. Mchoraji hasimami mahali pamoja. Anaizunguka meza, kisha anachora pande zote kwa mpigo. Ndiyo maana unaona mdomo wa birika na kitako chake pamoja. Picha yenyewe kubwa itatundikwa kwenye maonyesho ya chuo mwezi ujao. Tiketi ya basi ya mama hii hapa, aje aione. Kwa kuwa hajui kusoma, msomee barua zangu tafadhali, neno kwa neno.

Binti yako

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Picha nimeibandika karakanani, mafundi wamecheka hadi wakaweka randa chini. Loo! Meza niliyohangaika nayo siku tatu, wewe umeivunja miguu kwa brashi! Na yale mavidole chini ya meza ni ya nani? Ichore upya, imenyooka, kama mtu mwenye akili zake aliyesimama mahali pamoja. Ikinipendeza, mama yako atapanda basi. La sivyo, sahau.

Baba

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimejaribu wiki nzima, nimeshindwa. Katika nyumba ile mimi mahali pangu palikuwa chini ya meza. Ndipo nilipojificha ulipokuwa ukimpiga mama. Vidole ni vyake, anaokota vipande vya bakuli. Wageni waliosimama waliona meza nzuri tu. Kwa mtindo huu nimeweza kuviweka vyote kwenye turubai moja. Nakuchukia kwa hilo, baba, na bado nakuomba: mwache aje. Nataka ajue kwamba kuna mtu aliyeona.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Mama yako nilimketisha nikamsomea barua yako, taratibu. Nilimsomea kwamba unamwonea haya mbele ya wenzako, na kwamba asije. Aliniomba nirudie pale. Nikarudia. Alilia mpaka nikamwambia basi, inatosha. Tiketi nimempa mke wa fundi rangi.

Wewe endelea kuizunguka meza upendavyo. Mama yako ana upande mmoja tu, nao ni huu ninaomsomea mimi. Amesema nikuandikie kwamba amekuelewa, na hatakusumbua tena.

Baba yako akupendaye