Kese Inaniuliza Bonaventure, na Mi Nilizaa Mabinti Mbili

Mama Marie-Rose mupendwa, wa kipindi cha radio, nakuomba unisaidie mbele ya Jumamosi, juu Jumamosi ikifika na sijapata shauri, sijui sura yangu nitaiweka wapi. Jina yangu tafadhali usiitaje. Mi ni mama wa miaka makumi mbili na tisa, niko sekretere ku koperative moja ya bauzaji ba samaki ya ndagala hapa Baraka, na bwana yangu Eloge anafundishaka ku école primaire kule Lubondja, anarudiaka nyumbani mwisho wa wiki. Tulikaa miaka tano mu ndoa bila mutoto, kwa hiyo wakati nilipata mimba, mama, furaha ilinipanda ku kichwa, nikasahau mpaka akili.

Sasa sikia namna nilijiharibia. Ku kazi kuko Fabien, yeye njo anashugulikaka na mambo ya bafanyakazi. Mimba ilipofika miezi saba akanipatia makaratasi ya kuomba pesa ya congé ya kuzaa, ile yenye kese ya bafanyakazi inalipaka mama akiwa nyumbani na mutoto, na akaniambia wazi kabisa: "Ketsia, ukurasa wa kwanza jaza leo. Wa pili acha hivyo hivyo, tutaujaza pamoja ukisha kuzaa, na karatasi ya maternité mu mukono." Nikaitika ndiyo, nikaenda na ile karatasi nyumbani, na nyumbani nikamukuta mama mukwe wangu, mama Immaculée, anachambua maharagi. Akauliza ni nini, nikamusomea, na nilipofika penye kuandikwa "jina ya mutoto" akaweka lungo chini.

"Andika Bonaventure," akasema.

Ni jina ya bwana yake, alikufa mwaka ule tulioana. Nikamuambia mama, bado sijazaa, na hatujue kama ni mwanaume. Akaniangalia tumbo: "Tumbo imeenda mbele namna hii, unataka iseme kwa mudomo? Andika, mutoto wangu."

Na sikudanganye, hakunilazimisha, mi mwenyewe nilitamani kuona jina ya mutoto wangu imeandikwa ku karatasi ya serikali, juu miaka tano ni mingi. Nikaandika Bonaventure, nikatia alama penye kuandikwa mwanaume, nikaandika tarehe yenye muganga alinipatia, nikaandika amezaliwa Baraka, nikatia sinyatire. Kesho yake nikairudisha mu enveloppe, Fabien alikuwa na bageni, hakufungua kuangalia, akaituma.

Wiki tatu mbele ya ile tarehe nilienda Mboko kuona shangazi yangu mugonjwa, nikiwaza nitarudi siku ile ile. Uchungu ukanikamata nikiwa nakula bugali bwa muhogo mu nyumba yake, bakanikimbiza ku kituo cha afya, na mama muzalishaji alipopokea wa kwanza akasema, "Ni binti, pongezi," na mi nafungua kinywa nicheke, akasema tena, "Ngoja mama, usifunge magoti, kuko mwingine." Binti tena! Échographie, ile picha ya ndani ya tumbo, sikufanyaka, kila mara nilisema nitaenda wiki yenye inakuja. Mabinti mbili bazima, kila mumoja na sauti yake ya kuamusha avenue muzima, tukabaita Solange na Nadège, na mama mukwe alipopata habari kwamba yeye sasa ni nyanya wa mapasa alicheza mpaka kitenge ikamuanguka mbele ya pasta.

Karatasi nikaisahau kabisa. Wiki ya tatu Fabien ananipigia simu: "Ketsia! Dossier yako imepita! Nimeona jina ku karatasi ya kese, na Bonaventure anaendelea namna gani?" Mama, Solange alikuwa ananyonya, Nadège alikuwa analia ku magoti, na mudomo yangu ikasema yenyewe: "Anaendelea muzuri, ananyonya sana."

Na uongo nao ukazaa mapasa. Bantu ba kazi bakasikia kuko Bonaventure, bakachanga, bakanunua nguo za mutoto mwanaume na kofia, na bamesema Jumamosi saa kumi batakuja bote kumuona, bantu kumi na chef juu yake. Na siku ile ile Fabien akaniambia tena kwamba kese imeshalipa mara ya kwanza, lakini mbele ya kulipa mara ya pili inaomba akte ya kuzaliwa ya Bonaventure.

Eloge anasema, "Acha, mutoto ni mutoto, kese haiangaliake mu suruali." Mama mukwe yeye amepanga mambo yote: jirani yetu Inamahoro, mama mumoja alikimbiaka kutoka Burundi, ana mutoto mwanaume wa miezi mbili, munene, mwenye sura ya kupendeza, tumuazime kwa masaa mbili, na mapasa babebwe kwa dada ya mama mukwe, nyuma ya soko. Inamahoro aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mutoto nitabapatia, lakini akikojolea chef, nisiitwe." Na haya yangu kubwa ni hii: nilishaanza kuwaza nitamuvalisha nini. Rafiki yangu mumoja akanishauri niseme Bonaventure alikufa, na pale nikalia kweli, juu muntu hajakuwako nitamulilia namna gani, na bale bawili bananiangalia? Naogopa kufukuzwa, naogopa kuitwa mwizi, naogopa kurudisha pesa yenye tulishakula. Mama Marie-Rose, nifanye nini, nimuazime ao nisimuazime?

Mama wa mapasa, Baraka

*

Ketsia, mutoto wangu, natamka jina yako juu wewe mwenyewe umeniruhusu ku simu. Barua yako nilipata Jumatano, na kipindi chetu kinapita Jumapili. Ningengoja Jumapili, mutoto wa Inamahoro angekuwa ameshavaa kofia. Njo maana nilikupigia simu Alhamisi asubui, na yale nilikuambia nayarudilia hapa, juu hauko peke yako. Bamama na babapa wengi wa huku kwetu banajazaka karatasi na furaha, macho yakibaki nje.

Kwanza, pongezi! Miaka tano ya kungoja, na Mungu akakujibu mara mbili mu siku moja. Nilipofika pale mama muzalishaji anasema "kuko mwingine," nilicheka peke yangu mu studio mpaka bakaja kuangalia kama niko muzima.

Sasa nikugombeze. Fabien alikuambia kwa lugha yenye unasikia: ukurasa wa pili uache. Mama mukwe alisema andika, sawa, lakini sinyatire ni ya nani? Ni yako. Usimutie mama muzee mu enveloppe. Na ujue kutenganisha vitu. Kuandika jina mbele ya kuzaa ni makosa. Kusema "ananyonya sana" ni uongo. Kuazima mutoto wa jirani, bantu bamuone, kisha upeleke jina ya Bonaventure ku kese ili ulipwe, ile sasa ni wizi, na pale siwezi kukutetea, hata Fabien hataweza. Uko ku ngazi ya pili, Ketsia. Shuka, usipande.

Na yule rafiki mwenye alikuambia useme mutoto alikufa, usimusikilize tena hata akikushauri namna ya kupika maharagi. Kifo hatuchezee nacho.

Kuko jambo moja haukuliona, na ndilo linaniuma kuliko yote. Mutoto mwenye hajazaliwa ana dossier nzuri, na stampe juu yake. Solange na Nadège, bale banalia kweli, bananyonya kweli, hawana hata karatasi moja. Siku Nadège atakuwa mugonjwa, siku ataingia masomo, utaonyesha karatasi ya nani?

Kwa hiyo anza na simu kwa Fabien, leo leo, kwa sauti yako mwenyewe, si kwa message, na kumuambia neno kwa neno. Kisha Eloge, yeye mwenye anasema kese haiangalie suruali, akamate njia Ijumaa aende Mboko ku kituo cha afya, akuletee certificat ya kuzaliwa ya kila mutoto, mbili, si moja yenye majina mawili. Ukisha kuzipata, peleka batoto ku état civil, kwenye banaandikishaka batoto, mbele ya siku makumi kenda kuisha. Uko ndani ya zile siku bado, usilale. Ile karatasi ya zamani usiifute, usiipake blanco ya kufunika, usiirarue, juu karatasi yenye imekwaruzwa inaonyesha muntu mubaya hata kama wewe ni muzuri. Omba ukurasa mupya, na juu yake tia barua ya mukono wako: niliandika nini, lini, na ukweli ni gani. Fanya kopi, na ile kopi batie stampe ya kupokea, uende nayo nyumbani. Muulize Fabien siku zako za congé zinahesabiwa namna gani, juu ulizaa wiki tatu mbele, na ulizaa mbili. Kama kuko kitu cha kurudisha, baandike, na mupatane utairudisha namna gani. Na mu couloir utakuta bwana fulani mwenye kusema, "Mama, mi naweza kukupangia hii haraka." Mupite. Makosa yako hayana haja ya dalali.

Na bantu kumi ba Jumamosi? Bakuje. Bapikie. Simama ku mulango na mutoto huku na mutoto huku, useme ukweli mbele ya salamu.

Uliniomba pia niseme na mama Immaculée, ukamupatia simu. Nikamuuliza: "Mama, jina ya bwana yako unaipenda?"

"Sana," akasema.

"Basi usiipeleke mu tribunal."

Kisha akasema, "Na huko Mboko Eloge atajua kweli kuuliza karatasi vizuri? Nitaenda naye." Pale nikajua tumepatana, na wewe, mutoto wangu, usimukumbushe tena mambo ya lungo na maharagi. Mupatie mutoto mumoja abebe.

*

Wiki tatu nyuma ya pale Ketsia alinitumia tena maneno haya, na ninayasoma yote namna yalivyo:

Mama Marie-Rose, Fabien nilimupigia simu dakika ile ile uliponikatia yako, na alinigombeza mpaka unité ya simu yangu ikaisha, kisha akanipigia yeye kumalizia. Jumamosi bakakuja bote na chef. Nilisimama ku mulango namna ulisema, nikasema, "Bandugu, Bonaventure hakuna, hajakuwako, ni mi nilijaza karatasi mubaya, na hawa njo batoto wangu." Chef anaangalia huku, anaangalia huku. Kisha Fabien akasema pole pole, "Kumbe ndiyo maana alikuwa ananyonya sana," na nyumba yote ikalipuka na kicheko, hata mi nililia na kucheka pamoja. Zile nguo tulimupatia mutoto wa Inamahoro, na kofia inamukaa muzuri kuliko chef alivyowaza. Kisha bamama ba kazi bakaimba nyimbo za mapasa mpaka majirani bakaingia bila kuitwa.

Jumatatu tukaenda ku bureau ya kese, mi na Fabien, na mama mukwe akamubeba Nadège mugongoni, na yeye njo alikuwa ameshika makaratasi ya Mboko mu sachet, hakutaka muntu mwingine ayaguse. Bwana wa guichet, mwenye kupokeaka makaratasi, akasoma barua yangu polepole. Nilikuwa nimeandika kwamba tulingoja miaka tano, na haraka ya furaha ilinifanya niandike mutoto mbele hajakuja. Akaondoa lunettes ku macho. Nikawaza sasa anaita polisi.

Akaniambia, "Mama, makosa ya hivi naonaka kila mwezi. Yenye sionaka ni muntu kuja yeye mwenyewe, na miguu yake, kuisema."

Akapiga stampe. Siku zangu bamezihesabu upya kufuata siku nilizaa kweli, pesa ya kwanza hawakuniomba niirudishe, na batoto bote wawili bameingia mu dossier. Akte nazo zilitoka wiki iliyopita, ku état civil, kila mumoja yake.

Sasa ni saa sita, Eloge yuko anafundisha Lubondja, mama mukwe anapika. Niko nimekaa ku mulango, bananyonya bote wawili mara moja, na karatasi ziko mbele yangu ku kiti. Ninabasomea kwa sauti kubwa: jina, tarehe, saa, Mboko, kike, kike. Hawasikie neno, bananyonya tu. Lakini nasoma mpaka mwisho, na penye kuandikwa jina ya mama, nasoma mara mbili.